Namna ya kujaza stoo ya jikoni Dar ili upike kila siku bila kukimbilia dukani

Hii naiandika kwa yule anayeanza maisha, au ana familia tayari ila kila jioni lazima mtoto atumwe kwa Mangi, yule wa duka la mtaani, leo mafuta ya kupima, kesho sukari robo, keshokutwa nyanya mbili na kitunguu kimoja. Vipimo vidogo hivyo ndo vinakula hela, kwasababu ukijumlisha zile robo nne mara nyingi unakuta umelipa zaidi ya bei ya kilo, na bado siku ambayo mvua inanyesha au umerudi saa mbili usiku umechoka hamna kitu ndani. Na wala huhitaji chumba kizima cha stoo, kabati moja la chini, ndoo tatu nne zenye mifuniko ya kubana na kona moja kavu inatosha, hata ukiwa umepanga chumba na sebule.

Kabla hujatoa hata mia, kaa chini uandike mnachokula. Mnachokula kweli, sio mnachotamani. Wiki mbili tu andika kwenye simu kila siku mmepika nini mchana na usiku, listi ya stoo inatokea hapo yenyewe. Nasisitiza hili kwasababu naona watu wanabeba listi ya mtu mwingine, ananunua kilo tano za dengu kwa vile ameona bei nzuri, kwake hamna anayekula dengu, zinakaa kabatini mpaka zinatobolewa na wadudu. Kama kwenu ni wali maharage, ugali dagaa, ugali na mchicha au matembele, ndizi siku moja moja na pilau Jumapili, basi stoo yako ni mchele, unga, maharage, dagaa, mafuta, vitunguu, nazi na viungo vya pilau. Vingine vyote vinasubiri.

Katika hizo wiki mbili pima pia. Chukua kikombe kimoja, hicho hicho kila siku, pima mchele kabla hujaosha na unga kabla hujasonga, andika. Ukiwa na hizo namba unajua mwezi mzima mnatumia kilo ngapi, na hapo huwezi tena kubabaishwa sokoni wala kununua gunia ambalo litakaa mpaka liharibike.

Tuanze na mchele maana ndo unaobeba hela nyingi. Mchele wa Kyela unasifika kwa harufu, na kwasababu hiyo unachanganywa sana na mchele wa kawaida, muuzaji anakwambia Kyela kumbe ni robo tu. Usinunue kilo 25 au 50 kwa kuangalia kwa macho. Nunua nusu kilo, nenda kapike, ona kama unanukia, kama unachambuka au unashikana, kama una mawe na chenga nyingi, alafu ndo urudi kwa muuzaji yule yule uchukue mzigo. Muulize pia kama ni mpya au wa msimu uliopita, mchele mpya unataka maji kidogo na unashikana kirahisi, uliokaa unakunywa maji zaidi na unavimba vizuri, wapika pilau wengi wanautafuta huo uliokaa. Kwa mimi, mchele wa kila siku sio lazima uwe wa bei ya juu, weka ndoo ya mchele wa kawaida kwa wali wa siku za kazi na kilo chache za mchele mzuri kwa ajili ya pilau na wageni.

Unga una mambo yake. Sembe imekobolewa, kiini cha hindi kimetolewa na kile ndo chenye mafuta, kwa hiyo sembe inakaa muda mrefu bila shida. Dona ni hindi zima, ina lishe zaidi na mimi ndo naipendekeza hasa kama una watoto, lakini yale mafuta ya kiini yanachacha, unga unaanza kunuka na ugali unakuwa mchungu. Kwa hiyo dona nunua ya wiki mbili tatu tu, au kama una mahindi saga kidogo kidogo, usisage debe zima kwa mkupuo.

Na hapa kwenye mahindi naomba msome taratibu. Wengi wetu tunaletewa mahindi au karanga kutoka kijijini kwa basi, na mzigo unakuja haujakauka sawasawa. Mahindi na karanga zenye unyevu zinaota kuvu, na kuna kuvu inayotoa sumu inaitwa sumukuvu. Haionekani kwa macho, haina ladha ya kukushtua, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 huku kwetu Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2004 kule Kenya, upande wa Makueni na Kitui, walikufa zaidi ya 100. Kwa hiyo mzigo ukifika fungua gunia siku hiyo hiyo, mwaga kwenye turubai safi, anika juani, chambua zote zilizooza, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, na hizo usimpe mtu wala usiwape kuku. Karanga hivyo hivyo, ile iliyosinyaa au chungu mdomoni tema.

Kujua kama mahindi yamekauka kuna njia rahisi ya chumvi. Chukua chupa ya kioo safi na kavu kabisa, weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu, jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu kama dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado yana maji, rudisha juani. Chumvi ikidondoka chini yote yanafaa kuhifadhi. Haigharimu kitu na inaweza kuokoa familia.

Maharage sasa. Kuna ya njano, kuna mekundu, kuna yenye mabaka, kila nyumba ina yake na sitaki kuingilia huo ugomvi, ila jambo la maana kuliko rangi ni umri. Maharage yaliyokaa sana kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, unachemsha masaa na masaa, gesi inaisha, bado yanagongana kwenye sufuria. Joto la Dar linaharakisha hilo, kwa hiyo usijaze maharage ya mwaka mzima hata kama bei inakuvutia, ya miezi miwili mitatu yanatosha. Dukani muulize ni ya msimu huu? Angalia yawe yanang'aa, rangi imelingana, hayana matundu, na usichanganye ya zamani na mapya kwenye ndoo moja maana mapya yataiva yapondeke wakati ya zamani bado mawe.

Njia yangu ninayoipenda kuliko zote, na nawashauri wote wanaotoka kazini jioni: loweka kilo moja au mbili usiku, asubuhi mwaga yale maji, weka maji mapya, chemsha siku ya mapumziko mpaka yaive, acha yapoe, gawa kwenye vikontena au mifuko pamoja na supu yake kidogo, kila kimoja kiwe mlo mmoja, weka friza. Siku ya kazi unatoa kimoja, unakaangia kitunguu, nyanya, tui, nusu saa mnakula. Ukiwa na jiko la mkaa pembeni ndo unalitumia hapo, gesi unaiachia vitu vya haraka. Kitu kimoja tu, yale mekundu makubwa yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 mwanzoni, usiyaweke kwenye moto wa kufifia tangu yakiwa mabichi, yakiliwa hayajaiva yanaumiza tumbo vibaya. Kunde, choroko na mbaazi weka kidogo kidogo za kubadilisha, choroko nazipenda kwasababu hata usipoloweka zinaiva haraka, ni za kuokoa siku.

Kuhusu wadudu, maana ndo malalamiko ya kila mtu. Fukusi mara nyingi hawaingii kutoka nje, wanakuja na mzigo, mayai yapo ndani ya punje tangu shambani au ghalani. Ndo maana unafunika vizuri na bado baada ya mwezi unawakuta wanatembea. Dawa yake kwa nyumba ndogo ni friza: mchele au maharage yaliyokauka funga kwenye mfuko, weka ndani ya friza siku nne tano, toa, acha ukiwa umefungwa mpaka urudi kwenye joto la kawaida ili ule umande usilowanishe punje, alafu ndo umimine kwenye chombo. Mayai na wadudu wanakufa. Kama huna friza anika juani punje zikiwa zimetandazwa nyembamba, ingawa mchele ukikaa jua kali muda mrefu unakatika katika ukiosha, kwa mchele bora asubuhi tu.

Njia ya pili ni kuwanyima hewa. Kuna mifuko ya PICS inauzwa kwenye maduka ya pembejeo, ina tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje, unajaza, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake, wadudu wanaishiwa pumzi hukohuko ndani na nafaka haijaguswa na dawa yoyote. Kwa gunia zima hiyo ndo nzuri. Kwa kilo tano kumi tumia zile chupa kubwa za maji ya kunywa za lita 5 au lita 10, lakini zikauke kabisa, uziache wazi juani hata siku mbili, jaza maharage mpaka mdomoni kabisa pasibaki nafasi ya hewa, kaza mfuniko. Chupa iliyojaa nusu haifanyi hiyo kazi.

Na tafadhali sana, vile vidonge vya kufukizia nafaka magunia yasiliwe na wadudu visiingie ndani ya nyumba mnayolala. Vinatoa gesi inayoua watu, sio wadudu tu. Kwenye chumba na sebule mzigo uko mita mbili kutoka kwenye kitanda cha mtoto. Mtu akikwambia weka kimoja tu haina shida, mkatalie.

Ndoo zote ziinue kutoka sakafuni, weka hata ubao au tofali mbili, na ziache mbali kidogo na ukuta, kipindi cha masika sakafu na kuta za Dar zinatoa jasho. Mzigo mpya usiumwage juu ya wa zamani. Maliza wa zamani kwanza, futa ndoo, kausha, alafu mimina. Kama hujamaliza, toa uliopo, mimina mpya chini, wa zamani urudi juu.

Mafuta. Alizeti ya Singida au Dodoma, au mafuta yoyote mnayotumia, nunua dumu la lita 5 kama familia ni ya kawaida, lita 20 labda kwa wenye familia kubwa au biashara. Jua, joto na hewa vinayachachisha, kwa hiyo dumu likae gizani, mbali na jiko, na pembeni ya jiko uwe na chupa ndogo unayojazia. Mafuta ya kukaangia samaki usiyarudishe kwenye dumu. Chumvi chukua yenye madini joto, funika, isikae wazi karibu na mvuke. Sukari, majani ya chai, hayo mnayajua. Ramadhani ikikaribia nunua sukari, tambi na nazi mapema maana bei huwa zinapanda mfungo ukianza.

Viungo nawaomba mnunue vizima. Binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, ukiwa na hivyo vitano umeshapata pilau, na binzari manjano kwa mchuzi, labda na giligilani. Kiungo kizima kwenye chupa yenye mfuniko kinakaa na harufu yake mwaka na zaidi, kikishasagwa miezi michache tu harufu imeondoka, unabaki unaweka vijiko vitatu na pilau halinukii kitu. Tena vya kusagwa huwezi jua wamechanganya nini. Nunua gramu 50 au 100 ya kila kimoja, siku ya pilau choma binzari nyembamba kwenye kikaango kikavu moto mdogo mpaka inukie, twanga kwenye kinu pamoja na vingine, nyumba nzima mpaka jirani watajua leo kuna nini. Tangawizi na kitunguu swaumu saga pamoja, weka mafuta kidogo, gandisha kwenye vile vitrei vya barafu, ukikaanga unatupia kipande kimoja.

Vitunguu nunua vingi, vile vyekundu vyenye ganda kavu na shingo iliyonyauka, vitundike kwenye neti au tandaza kwenye kapu penye upepo. Viazi mbali na vitunguu, vikikaa pamoja vyote vinaharibika mapema, na viazi vikae gizani kwasababu mwanga unavigeuza kijani, kikishakuwa kijani na uchungu hicho tupa. Nyanya zikiwa bei ya chini chukua sado (ile ndoo ndogo ya kupimia) moja au mbili, osha, saga au kuna, chemsha mpaka maji yapungue na iwe nzito, poza, gandisha kwa vipimo vya mchuzi mmoja mmoja. Utashukuru sana siku nyanya zitakapopanda bei.

Nazi chagua nzito, itikise usikie maji, angalia yale macho yake yawe makavu bila ukungu. Ikiwa kwenye ganda lake inakaa hata wiki mbili tatu penye kivuli, na ukipata muda zikune tano sita kwa mpigo, kamua, tui zito mfuko wake na jepesi mfuko wake, friza.

Dagaa ni akiba ya nyumba. Wa Kigoma, wa Mwanza, chagua waliokauka kweli, wazima hawajavunjika vunjika, wasio na harufu ya kuoza, na uulize kama wameanikwa kwenye chanja, maana walioanikwa chini mchanga hauishi hata uoshe mara ngapi. Wakifika nyumbani toa vichwa, wakaange bila mafuta kwenye kikaango mpaka wakakamae, poza, funga kwenye kopo. Wiki zile hela imekata na nyama haigusiki, dagaa wa nazi na ugali wa dona ni chakula kamili wala hakuna unyonge hapo.

Umeme ukikatika usifungue fungue. Friza iliyojaa ikifungwa inashika baridi kama masaa 48, iliyojaa nusu kama 24, friji ya kawaida ni masaa manne tu. Kwa hiyo kama friza yako ina nafasi tupu jaza chupa za maji zigande, zinasaidia.

Vyombo sitawachosha. Sufuria tatu za ukubwa tofauti na mifuniko yake, kikaango kizito cha chapati, kisu kimoja kizuri kinachonolewa, ubao wa kukatia nyama na mwingine wa mboga, mwiko, upawa, chujio, mbuzi ya nazi na kinu. Blenda na presha kuka ni nzuri sana, hasa presha kwenye maharage, lakini zinaweza kusubiri. Mtungi wa gesi una uzito wa mtungi mtupu umeandikwa pale juu, mwambie muuzaji aupime mbele yako, toa ule uzito mtupu, kinachobaki ndo gesi uliyouziwa, mtungi wa kilo 6 lazima zibaki 6. Ukishafunga regyuleta pakaza povu la sabuni kwenye maungio, povu likitoa mapovu gesi inavuja, fungua madirisha, usiwashe kitu, mrudishe fundi.

Mwisho ni hela inatoka wapi na uende wapi. Usijaribu kujaza vyote mwezi mmoja, mshahara utaisha na kodi hujalipa. Mwezi wa kwanza mchele na maharage ya mwezi mzima na ndoo mbili za kuwekea. Mwezi wa pili mafuta dumu na viungo. Wa tatu dagaa na vitunguu. Kile ulichokuwa unalipa kwa Mangi kidogo kidogo ndo kinageuka hela ya mzigo unaofuata. Nafaka nenda Tandale au Kariakoo, ndizi na matunda Mabibo, samaki Feri asubuhi mapema. Nunua kwa kilo na mzani uuone, debe na sado vinategemea mkono wa anayejaza, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, msiishabikie, ile inamuumiza mkulima na Wakala wa Vipimo wameikataza. Mahindi na mchele kwa kawaida vinashuka baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane hivi, na vinapanda kuanzia Januari, ukiwa na akiba kidogo iweke kwa ajili ya kipindi kile cha mavuno. Na kama gunia ni kubwa kwako ongea na majirani wawili watatu unaowaamini, changeni, mmoja aende sokoni na wote muwepo wakati wa kugawa, mzani uwe katikati.